Pesa Imetoka, Lakini Tovuti Inasema "Imeshindikana": Soma Hii Kabla ya Kulipa Tena

Oktoba ikifika, Kericho na Bomet huwa na harakati zake. Bonasi ya chai ikishaingia, deni la duka linalipwa, karo inapunguzwa, na yule ng'ombe aliyekuwa akiangaliwa kwa macho tu sasa anaulizwa bei. Kutoka Kapkoros na Mogogosiek hadi Litein na Toror, mkulima aliyezoea malipo ya kila mwezi anajikuta na pesa ya maana kwa mpigo mmoja.

Siku hizi pesa hiyo haitoki kwa noti pekee. Nyingi inatoka kwa simu, na sehemu yake inapitia tovuti: duka la vifaa vya ujenzi lenye ukurasa wake, shule inayopokea karo mtandaoni, huduma za serikali kwenye eCitizen. Unachagua unachotaka, unabonyeza "Lipa", ombi la PIN linaruka kwenye simu, unaweka PIN, basi.

Ila kuna siku mambo hayaendi hivyo. Umeweka PIN. Meseji ya M-PESA imeingia, salio limepungua. Lakini ukurasa bado unazungusha kale kaduara, na baadaye unakuandikia kwa rangi nyekundu: "Malipo yameshindikana. Jaribu tena."

Ujaribu tena?

Jibu fupi: hapana, bado. Ukurasa unaouona na pesa yako ni vitu viwili tofauti, vinavyowasiliana kwa kuandikiana ujumbe. Ujumbe unaweza kuchelewa au kupotea njiani hata kama pesa imefika salama. Ukielewa mawasiliano hayo yanavyokwenda, utajua lini usubiri, lini ulipe upya na lini uanze kufuatilia. Hiyo ndiyo kazi ya makala hii, na hauhitaji kuwa fundi wa kompyuta kuielewa.

Tovuti ina uso, na ina ofisi ya nyuma

Fikiria kituo cha kupimia majani. Unafika, majani yanawekwa kwenye mizani, karani anaingiza nambari yako, unapewa karatasi. Karani ndiye unayemwona na kuongea naye. Lakini karani si kiwanda. Hesabu ya mwezi, malipo na bonasi hupangwa mahali pengine kabisa. Kazi ya karani ni kupokea, kuandika vizuri na kupeleka habari mbele.

Tovuti ni hivyo hivyo. Ule ukurasa wenye picha, vitufe na rangi ni karani. Vijana wanaoujenga hutumia vifaa vilivyotengenezwa tayari, kama React au Vue, ambavyo huwasaidia kujenga vitufe, fomu na jedwali bila kuanza kila kitu kutoka sufuri. Ukurasa huo huishi ndani ya simu yako, kwenye kivinjari. Hauna pesa, na haujui kama una salio.

Nyuma yake kuna seva ya duka, yaani kompyuta inayotunza orodha ya wateja, bei na oda. Na nyuma ya seva hiyo kuna kampuni ya malipo, ambayo ndiyo yenye uwezo wa kuhamisha pesa. Kwa hiyo ukibonyeza "Lipa" mara moja tu, umewaamsha watu watatu: ukurasa, seva ya duka na mfumo wa malipo. Wote watatu lazima waelewane.

Karatasi ya mizani, kwa lugha ya kompyuta

Wanaelewanaje? Rudi kwa ile karatasi ya mizani. Inasomeka kwa urahisi kwa sababu kila kitu kina jina na thamani yake: nambari ya mkulima, kituo, kilo, tarehe. Hakuna hadithi ndefu.

Kompyuta nazo huandikiana karatasi za aina hiyo. Mtindo unaotumika zaidi leo unaitwa JSON. Douglas Crockford, Mmarekani, ndiye aliyeupa jina na kuutangaza mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kama karatasi ya mizani ingeandikwa kwa JSON, ingefanana na hii:

{
  "mkulima": "nambari yako",
  "kituo": "jina la kituo",
  "kilo": 23.5,
  "tarehe": "14 Oktoba"
}

Upande wa kushoto ni jina la kitu, kulia ni thamani yake, katikati nukta mbili. Ni hayo tu. Mtu anaweza kuisoma, na kompyuta pia.

Lakini karatasi peke yake haitoshi. Lazima kuwe na utaratibu wa kuipeleka: anwani gani, na ukifika unaomba nini. Utaratibu unaotumiwa na tovuti nyingi unaitwa REST. Jina hilo lilitolewa na Roy Fielding mwaka 2000, katika tasnifu yake ya udaktari kwenye Chuo Kikuu cha California, Irvine. Wazo lake ni jepesi: kila kitu kina anwani yake, na kuna maombi machache tu unayoweza kufanya kwenye anwani hiyo, kama vile nionyeshe, pokea hiki kipya, badilisha, futa.

Kuna sharti moja la REST ambalo linakugusa wewe moja kwa moja. Kila ombi linajitegemea. Anayelipokea halazimiki kukumbuka mlichoongea dakika moja iliyopita. Kwa hiyo ukibonyeza "Lipa" mara mbili, na aliyejenga tovuti hakuweka kinga, yale ni maombi mawili kamili. Kompyuta haiwezi kusema, "Aa, huyu mama amebonyeza tena kwa sababu ya wasiwasi tu." Kwake, mama anataka kulipa mara mbili.

Daraja kati ya duka na M-PESA

M-PESA ilipoanza Kenya mwaka 2007, haya yote hayakuwepo kwa mtumiaji wa kawaida. Ulikuwa na menyu kwenye laini ya simu, unatuma pesa kwa mtu, mwisho. Mwaka 2015 mitambo yake ilihamishwa kutoka Ujerumani ikaletwa Kenya. Kisha mwaka 2017 Safaricom ikafungua mlango kwa watengenezaji wa programu na kuupa jina linalojieleza: Daraja.

Kabla ya hapo kuunganisha mfumo wa biashara na M-PESA ilikuwa kazi nzito. Ujumbe uliandikwa kwa XML, mtindo wenye maneno mengi na masharti mengi, na biashara ndogo haikuwa na fundi wa kuishughulikia. Daraja lilikuja na REST na JSON. Kijana mmoja mwenye laptopu pale Litein au Sotik akaweza kujisajili, akajaribu kwa pesa ya mfano isiyo halisi, kisha akaunganisha duka la mjomba wake na malipo ya simu. Ndiyo maana siku hizi hata duka dogo linaweza kukuletea ombi la PIN moja kwa moja kwenye simu.

Hiyo ni habari njema. Ila daraja lina pande mbili, na upande wa duka hujengwa na duka lenyewe. Likijengwa kwa haraka, wewe ndiye utakayeona kaduara kakizunguka.

Hatua sita za shilingi yako

Tuseme mama mmoja wa Silibwet ameamua kutumia sehemu ya bonasi kununua tangi la maji. Bei ni KSh 8,500, duka lina tovuti. Anabonyeza "Lipa". Haya ndiyo yanayotokea:

1. Ukurasa unaandika karatasi ya JSON yenye nambari ya oda, nambari ya simu na kiasi, unaipeleka kwa seva ya duka.

2. Seva ya duka inaipeleka kwa Daraja, pamoja na funguo za siri zinazothibitisha kwamba ni duka hilo kweli.

3. Daraja linajibu papo hapo: ombi limepokelewa. Weka alama hapa. Jibu hili halisemi kwamba pesa imelipwa. Linasema tu kwamba ombi limeandikwa vizuri na linashughulikiwa.

4. Simu ya mama inapokea ombi la PIN. Kwenye kioo kuna jina la biashara, kiasi na nambari ya akaunti. Anaweka PIN yake. PIN hiyo haipiti kwenye ukurasa wa duka wala kwenye seva ya duka. Inapita kwenye laini ya simu kwenda M-PESA.

5. M-PESA inahamisha pesa. Mama anapata meseji. Wakati huo huo M-PESA inaiandikia seva ya duka karatasi nyingine ya JSON kwenye anwani ambayo duka lilitoa mapema: malipo yamekamilika, kiasi ni hiki, nambari ya muamala ni hii, simu iliyolipa ni hii.

6. Seva ya duka inaandika kwenye kitabu chake. Ukurasa, ambao muda wote umekuwa ukiuliza "imefika? imefika?", unapata jibu na kugeuka rangi ya kijani.

Pesa imehama kwenye hatua ya 5. Rangi ya kijani inakuja kwenye hatua ya 6. Katikati ya hatua hizo mbili ndipo shida nyingi hukaa.

Kwa nini ukurasa hukosea

Sababu ya kwanza: seva ya duka haikupokea barua. M-PESA imeandika, imepeleka, lakini mlango umefungwa. Labda seva imezidiwa na wateja, labda stima imepotea mahali ilipo, labda anwani iliandikwa vibaya. Pesa iko kwenye akaunti ya duka, ila kitabu cha duka hakijui.

Sababu ya pili: data yako mwenyewe imekatika. Kwenye mabonde na vilima vyetu mtandao huja na kupotea. Meseji ya M-PESA haihitaji bando ya data kukufikia, lakini ukurasa unaihitaji. Kwa hiyo meseji inaweza kuingia huku ukurasa umekwama kabisa.

Sababu ya tatu: ukurasa hauna subira. Aliyeujenga aliuambia usubiri sekunde chache tu, halafu useme "imeshindikana". Wewe ulikuwa bado unatafuta miwani, au mtoto alikuwa anachezea simu. Ukaweka PIN ukurasa ukiwa tayari umekata tamaa. Malipo yamepita, ila ukurasa ulishatoa hukumu yake.

Sababu ya nne haihusu kaduara bali vidole. Ukilipa mwenyewe kwa Paybill, bila kusubiri ombi kwenye simu, unaandika nambari ya akaunti kwa mkono. Ukikosea herufi moja, pesa inafika kwa biashara lakini seva haijui ni oda ya nani. Ni kama kupima majani kwa nambari ya jirani. Kilo zipo, jina ndilo si lako.

Ona kwamba katika hali zote nne pesa haikupotea. Iko mahali inapojulikana na ina nambari. Kilichopotea ni habari tu. Hatari kubwa inakuja pale unapojaribu kurekebisha habari kwa kulipa pesa nyingine. Hapo mama wa Silibwet ametoa KSh 17,000 kwa tangi la KSh 8,500, na kurudishiwa kutachukua simu nyingi na siku kadhaa. Kama ile pesa nyingine ilikuwa ya karo, mtoto ndiye atakayesikia.

Si kila "imeshindikana" ni sawa

Kwenye ile karatasi ya hatua ya 5, mfumo hueleza matokeo kwa nambari. Wewe hauzioni, lakini duka linaziona. Za kawaida ni hizi:

0: malipo yamekamilika.

1: salio halitoshi.

1032: mteja ameghairi ombi mwenyewe.

1037: simu haikupatikana au mteja hakujibu kwa wakati.

2001: PIN si sahihi.

Nambari zote isipokuwa 0 zinamaanisha kwamba pesa haikutoka. Ukurasa uliojengwa vizuri hukuambia wazi: "Salio lako halitoshi", au "Hukuweka PIN kwa wakati". Hapo unaweza kujaribu tena bila wasiwasi.

Ukurasa unaosema "Hitilafu" bila kueleza zaidi haujakuambia lolote kuhusu pesa yako. Usiuamini kwa ubaya wala kwa uzuri. Nenda kwenye meseji.

Ufanye nini, hatua kwa hatua

Kwanza, usibonyeze tena. Acha ukurasa ulivyo, subiri dakika chache. Usiufunge ukiweza, kwa sababu huenda jibu liko njiani.

Pili, angalia meseji. Iko kwenye mazungumzo yale yale ya MPESA unayopokea kila siku? Inataja jina la biashara, kiasi na salio jipya? Kama ndiyo, umelipa. Hakuna ukurasa unaoweza kubatilisha hilo.

Tatu, kama meseji haijaingia, angalia salio kwa kupiga *334# au kwenye programu ya simu. Meseji nazo huchelewa. Salio likiwa halijapungua na muda umepita, hapo ndipo unaweza kulipa upya.

Nne, kama umelipa na duka halijui, wapigie ukiwa na nambari ya muamala. Ni ile yenye herufi na tarakimu 10 iliyo mwanzoni mwa meseji. Mazungumzo yawe mafupi:

"Kijana, nimelipa tangi lakini tovuti yenu inasema imeshindikana."

"Pole, mama. Hebu nisomee ile nambari iliyo mwanzo wa meseji ya M-PESA."

"Ngoja nivae miwani... Haya, andika."

"Nimeiona, mama. Imeingia kwetu saa nne na dakika kumi. Oda yako naithibitisha sasa hivi."

Hivyo ndivyo inavyotakiwa kwenda. Ukikutana na mhudumu anayekuambia "jaribu tu kulipa tena, ile ya kwanza itarudi yenyewe", mwambie kwa upole aangalie nambari kwanza. Pesa iliyokwisha kufika kwenye akaunti ya biashara hairudi kwa sababu ukurasa ulisema imeshindikana. Inarudi pale mtu anapoirudisha.

Tano, kama duka limekataa au halipatikani, wasiliana na huduma kwa wateja ya kampuni yako ya malipo mapema, ukiwa na nambari hiyo hiyo. Kumbuka tofauti hii: pesa uliyomtumia mtu kimakosa kwa M-PESA, unapeleka meseji yake kwa 456 kuomba irudishwe. Malipo ya biashara ni tofauti, kwa sababu huenda kuna bidhaa iliyokwisha kutolewa. Anza na mwenye biashara.

Sita, usifute meseji mpaka mzigo ufike nyumbani. Hiyo ndiyo karatasi yako ya mizani.

Matapeli wanapenda msimu wa bonasi

Ukishajua hatua sita, wizi mwingi utauona kutoka mbali.

Ukurasa unaokuomba uandike PIN ya M-PESA ndani yake ni wa mwizi. Hakuna njia nyingine ya kusema. Kwenye hatua ya 4 umeona PIN inaandikwa kwenye ombi linalotokea kwenye simu yako, si kwenye kisanduku cha tovuti, hata kama tovuti ina nembo nzuri na rangi za kijani.

Ombi la PIN likiruka kwenye simu wakati wewe haujabonyeza kitu, ghairi. Mtu anaweza kuandika nambari yako ya simu kwenye tovuti ili alipiwe oda yake. Mfumo umempeleka kwako kwa sababu wewe ndiye mwenye uamuzi. Na hata ukiwa umebonyeza mwenyewe, soma jina la biashara na kiasi kabla ya kuweka PIN. Sekunde tatu za kusoma ni bei ndogo.

Nanyi wenye maduka, msitoe bidhaa kwa kuonyeshwa meseji kwenye simu ya mteja au picha yake. Meseji hutengenezwa. Angalieni upande wenu: meseji ya biashara, taarifa ya akaunti au mfumo wenu. Kama vile mteja asivyopaswa kuamini ukurasa, nanyi msiamini kioo cha mtu mwingine.

Kwa wenye biashara na vijana wanaojenga tovuti

Huenda wewe msomaji ndiye mwenye duka, na mpwa wako aliyemaliza chuo Kabianga ndiye anayekujengea tovuti. Mpe orodha hii, au kaeni chini muisome pamoja. Kila jambo hapa linazuia simu ya mteja mwenye hasira.

Funguo za siri zikae kwenye seva, zisiwekwe kwenye ukurasa. Chochote kilicho kwenye React au Vue kinashuka hadi kwenye simu ya mteja, na mwenye ujuzi kidogo anaweza kukisoma. Ukurasa uongee na seva yako, na seva yako ndiyo iongee na Daraja.

Usiandike "Umelipa" kwenye hatua ya 3. Jibu la kwanza ni la kupokelewa kwa ombi. Ukilichukulia kama malipo, utatoa tangi bure kwa mtu aliyeghairi.

Wala usiandike "Imeshindikana" kwa sababu tu muda umepita. Ukurasa ukichoka kusubiri, useme ukweli: "Bado tunasubiri uthibitisho. Kama umepata meseji ya M-PESA, usilipe tena." Sentensi hiyo moja haigharimu kitu na inaokoa pesa za watu.

Kitufe cha "Lipa" kizimike kikishabonyezwa, na seva ikumbuke nambari ya oda. Ikiletewa ombi la pili la oda ile ile wakati la kwanza halijaisha, isilianzishe upya. REST haikukumbushi, kwa hiyo jikumbushe mwenyewe.

Hifadhi nambari ya ombi ambayo Daraja linakupa mwanzoni. Barua ya matokeo ikipotea, tumia nambari hiyo kuuliza: ombi hili liliishaje? Huduma ya kuuliza ipo. Tovuti inayokaa tu kusubiri barua, bila kuuliza hata mara moja, imejengwa nusu.

Nambari ya muamala iandikwe mara moja tu kwenye kitabu. Barua hiyo hiyo ikifika mara mbili, isihesabiwe kuwa malipo mawili.

Na mambo madogo yanayokwamisha wengi: kiasi kiwe shilingi kamili bila senti, nambari ya simu ianze na 254, na rejea ya akaunti isizidi herufi 12. Mtu akiandika jina lake lote na la kijiji kwenye sehemu hiyo, ombi litakataliwa naye hatajua kwa nini.

Mwisho kabisa, mweke mtu wa kupokea simu. Hata tovuti nzuri kiasi gani, kuna siku barua itapotea. Siku hiyo mteja anahitaji sauti ya binadamu inayosema, "Nisomee nambari."

Jambo la kubeba

Mkulima wa chai hahitaji kufundishwa thamani ya kumbukumbu iliyoandikwa. Amezoea kusoma kilo zake kabla ya kuondoka kituoni, na karatasi anaiweka mahali pazuri, kwa sababu mwisho wa mwezi hiyo ndiyo itakayoongea. Ukilipa mtandaoni, fanya vivyo hivyo. Soma ombi kabla ya PIN. Soma meseji baada ya PIN. Tunza nambari ya muamala. Ukurasa ukisema vingine, uache uzunguke, wewe shika simu upigie duka.

Kama una mzazi au jirani anayelipa kwa simu lakini hana mazoea na tovuti, msomee ile sehemu ya hatua kwa hatua kabla msimu haujaanza.